Panya kumi na wawili, mtoto mmoja: uchambuzi wa kisa kutoka Mbeya

Bibi alifika wodini asubuhi na mapema na chupa ya uji na kikapu cha ndizi. Alikuwa ametoka upande wa Tukuyu kwa basi la alfajiri. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kama mimi ni nesi. Nikamwambia hapana, bibi, mimi ni mtafiti. Binti yako amekubali kutupatia damu itakayobaki kwenye kitovu mtoto akishazaliwa.

"Inakwenda kufanywa nini?"

Nikaeleza. Tutaitenganisha maabara, tutachukua seli chache, tutazigandisha, tutazipeleka Ujerumani, na huko zitapandikizwa kwa panya.

"Panya."

Binti yake alikuwa amelala ubavu akisubiri uchungu ukolee. Akadakia kunisaidia: "Mama, ni kama wale wa Morogoro wanaonusa TB." Si wale. Wale wa Morogoro ni panyabuku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambao tangu 2007 wananusa makohozi na kuwagundua wagonjwa waliopita bila kuonekana kwenye hadubini. Ni wanyama wakubwa, wenye afya, na pua zao ndiyo kazi yao. Hawa wetu ni vipanya vyeupe vya gramu ishirini na kitu, ambavyo karibu havina kinga yoyote ya kwao. Nikalieleza hilo pia.

"Wangapi?" bibi akauliza.

"Kama kumi na wawili hivi, bibi."

Akanyamaza kidogo. "Kumi na wawili, lakini damu ni ya mjukuu wangu mmoja."

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Ndaga, mwanangu." Ni asante kwa Kinyakyusa.

Nikaendelea kujaza fomu. Kauli ile sikuiandika popote, kwa sababu sikuona kama ilikuwa na cha kuandikwa. Ilipita miezi mingi kabla sijatambua kwamba siku ile wodini bibi alikuwa ametaja kosa kubwa kuliko yote katika mpango wetu wa utafiti, na kwamba mimi mwenye shahada nilimwitikia "ndiyo" bila kusikia alichosema.

Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mama huyu asitambulike. Mengine yote nayasimulia kama yalivyokuwa, kwa sababu vijana wengi wa fani yetu nyanda za juu kusini wanaanza sasa kushirikishwa kwenye kazi za namna hii, na sitaki warudie tulichofanya.

Kwa nini tulihitaji panya wa aina hii

Hapa kwetu VVU bado ni jambo la kila nyumba. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wenye miaka 15 na zaidi ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, ilhali wastani wa nchi ni 4.4. Watu wa Mbeya wamejitolea kwenye majaribio ya chanjo mara kadhaa. Mojawapo ni PrEPVacc, lililofanyika Mbeya, Dar es Salaam, Masaka na Durban, na ambalo chanjo zake mbili zilisimamishwa mwishoni mwa 2023 ilipoonekana hakuna matumaini kwamba zingezuia maambukizi. Anayewajua watu waliokuwa wakija kliniki kuchomwa sindano zile, wakiacha shamba na duka, anaelewa kwa nini swali la "tungejuaje mapema?" linatuuma.

Panya wa kawaida hasaidii sana hapo. VVU haviwezi hata kuingia kwenye chembe zake, kwa kuwa milango virusi vinayoitumia, CD4 na CCR5, kwa panya ina umbo jingine. Na si VVU peke yake. Chembe za kinga za binadamu zina granulisini, protini inayoua bakteria wa TB. Panya hana jeni yake kabisa. Binadamu ana molekuli za CD1a, CD1b na CD1c za kuonyesha mafuta ya bakteria huyo kwa chembe za kinga. Panya amebaki na CD1d tu. Katika damu yetu chembe nyeupe nyingi ni nyutrofili, wakati kwa panya nyingi ni limfosaiti. Mtu akikwambia dawa ya kinga imefanya kazi kwa panya, muulize kwanza inagusa kitu gani, na kama panya anacho.

Kuna siku madaktari waliona gharama ya kutokujua hili. Tarehe 13 Machi 2006, London, vijana sita waliojitolea walipewa dawa iliyoitwa TGN1412, kingamwili (protini ya kinga) inayogusa kipokezi cha CD28. Dozi ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile waliyopewa kima bila kudhurika. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa mahututi, miili yao imefurika kemikali za kinga. Baadaye ilionekana kwamba kundi la chembe T, askari wa kinga, ambalo kwa binadamu lina CD28, kwa kima wale limeipoteza. Panya nao hawakuwa wameashiria hatari. Wote sita waliokoka, lakini tangu hapo hamu ya kuwa na mnyama mdogo aliyebeba kinga ya binadamu ilipata sababu ambayo hakuna aliyeweza kuibeza.

Anavyotengenezwa

Safari ya kumpata ilianza kwa bahati. Mwaka 1983, Philadelphia, watafiti waligundua kizazi cha panya wasio na chembe T wala chembe B, zile zinazotengeneza kingamwili. Wakawaita scid. Kwa mnyama mwenyewe ni maafa, lakini kwa mtafiti ni nyumba isiyo na mlinzi: ukileta chembe za mgeni, hakuna wa kuzifukuza. Kufikia 1988 maabara tofauti za Marekani na Kanada zilikuwa zimeshaweka ndani yake tishu na chembe za damu za binadamu, zikaishi.

Hazikuishi vizuri. Panya scid bado alikuwa na chembe NK, walinzi wa usiku wasiohitaji kufundishwa, na makrofaji zilizokuwa zikila chembe za binadamu. Kwa hiyo watafiti wakaongeza ulemavu juu ya ulemavu. Walimchanganya scid na kizazi cha NOD, ambacho makrofaji zake, kama ilivyokuja kueleweka 2007, zina kipokezi kiitwacho SIRPα kinachoshikana vema na CD47 ya binadamu, yaani zinasoma ile alama ya "usinile" iliyo kwenye chembe zetu. Kisha wakafuta jeni ya IL2rg. Hiyo moja ikiondoka, vipokezi vya intalukini (kemikali za kupeleka ujumbe kati ya chembe za kinga) namba 2, 4, 7, 9, 15 na 21 vyote vinazimika, na chembe NK hazitengenezwi. Wajapani walipata panya aitwaye NOG mwaka 2002. Jackson Laboratory ya Maine, Marekani, ikatoa NSG mwaka 2005. NSG ndiye tuliyemtumia.

Jeni hiyohiyo ikiharibika kwa mtoto wa kiume wa binadamu, mtoto huyo huzaliwa bila kinga. David Vetter wa Texas aliishi ndani ya chumba cha plastiki karibu maisha yake yote kwa sababu ya ugonjwa huo, akafariki 1984 akiwa na miaka 12. Kila nikitazama kizimba cha NSG, chenye hewa iliyochujwa, chakula na maji yaliyouliwa vijidudu, namkumbuka yeye. Hiyo pia ndiyo sababu sikuunga mkono haraka ya kuwafuga panya hawa Mbeya. Fangasi ambaye mimi na wewe tunamvuta kila siku bila kujua anaweza kuteketeza chumba kizima. Umeme ukikatika usiku na jenereta ikachelewa, feni za kuchuja hewa zinasimama. Kuchuja seli na kuzigandisha tunaweza kufanya hapa, na kwa kiwango kizuri. Panya wenyewe wangoje mpaka jengo liwe tayari kweli.

Kinachowekwa ndani ya NSG ni seli shina za damu, zile zenye alama ya CD34. Kwa mtu mzima zimejificha kwenye uboho. Kwa mtoto anayezaliwa zinazunguka kwenye damu, na nyingine zinabaki kwenye kitovu na kondo la nyuma baada ya kukatwa. Kila panya huhitaji kama seli 100,000. Kitoto cha panya cha siku moja hadi tatu hupigwa mionzi kidogo ili kupunguza seli shina zake na kuacha nafasi, kisha seli za binadamu hudungwa kwenye ini, kwa kuwa katika umri huo ini bado linasaidia kutengeneza damu. Baada ya hapo kazi ni kusubiri.

Wodini

Fomu yetu ya ridhaa ilikuwa imepita kote ilikotakiwa kupita. Makubaliano ya kusafirisha sampuli nje ya nchi yalisainiwa. Hata hivyo nikiisoma leo naona aibu. Iliandika "damu ambayo vinginevyo ingetupwa". Iliandika "utafiti wa maabara". Neno panya halikuwamo. Sisi tulioiandika hatukukusudia kuficha. Tuliona ni undani usio na maana kwa mama. Nisingemwambia bibi habari za panya kama asingeniuliza.

Watu wa kwetu wana hesabu zao kuhusu kitovu. Mtu akikueleza kwao ni wapi, husema ndiko kitovu chake kilikozikwa. Huwezi kumwambia mtu wa lugha hiyo kwamba kilicho ndani ya kitovu ni taka. Na neno mumiani halijafa. Kila mkusanyaji damu aliyefanya kazi vijijini amelisikia, kwa utani au kwa hasira. Mimi naamini dawa ya uvumi ule ni kusema kila kitu kabla hujaulizwa, hata yale yanayoonekana ya ajabu. Mama huyu aliposikia habari za panya hakukataa. Alicheka, akaniuliza kama panya atalia kama mtoto, nikamwambia hapana, dada, atabaki panya, ila ukitazama damu yake kwa mashine utaona chembe za binadamu. Akauliza kama kondo la nyuma nalo litakwenda. Hapana, hilo linabaki kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali. Akasema sawa. Sharti lake lilikuwa moja: nije nimweleze kilichotokea.

Tulikuwa tumezungumza naye mara ya kwanza kliniki ya wajawazito, mwezi mmoja na zaidi kabla. Hilo tulilifanya sawa. Kumwomba mtu ridhaa akiwa kwenye uchungu ni kumwomba asiyeweza kukukatalia, na nimewahi kuona ikifanyika.

Jambo jingine la leba linastahili kusemwa kwa kirefu kwa sababu halimo kwenye maelekezo mengi ya maabara. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita tangu mtoto azaliwe, ili damu ya kondo imfikie mtoto na kumwongezea madini ya chuma. Mkusanyaji wa seli shina anataka kinyume chake: bana mapema, upate mfuko uliojaa. Damu ileile, watu wawili wanaitaka. Mkunga wa zamu, mama wa makamo mwenye mikono isiyo na haraka, aliniambia kabla hatujaanza: "Mtoto kwanza, wewe utapata utakachobakiziwa." Alisubiri kitovu kikaacha kupiga. Nilipata mfuko usiofika nusu. Nilikuwa na wasiwasi usoni na yeye aliuona, hakusema neno. Alikuwa sahihi, na utafiti wowote ambao hauwezi kuishi na nusu mfuko unapaswa kubadilisha hesabu zake kabla ya kumgusa mtoto.

Mtoto alikuwa wa kike, akalia vizuri. Bibi akaanza kumwita jina la mama yake mzazi palepale.

Kutoka mfuko hadi kizimba

Ilikuwa Julai, na Mbeya ya Julai haihitaji barafu nyingi. Sanduku lilifika maabara likiwa na ubaridi uleule lililotoka nao. Ndani ya saa sita damu ilikuwa imetandazwa juu ya kimiminika kizito, ikazungushwa, utando mweupe wa chembe ukanyonywa, na vishanga vya sumaku vikazikamata zile zenye CD34. Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kutoka mamilioni kwa mamilioni ya chembe unabaki na tone ambalo kwa macho ni maji matupu.

Usafi wa tone hilo si urembo. Zikibaki chembe T zilizokomaa za mtoto, zitaingia ndani ya panya, zitamwona kuwa adui, na zitamshambulia ngozi, ini na utumbo mpaka afe. Wanaotumia damu ya mtu mzima bila kuchuja seli shina wanalijua hilo. Panya wao huwa wanafaa kwa wiki nne hadi sita tu, basi. Sisi tulipata seli safi, zaidi kidogo ya milioni moja na laki mbili. Gawanya kwa laki moja. Panya kumi na wawili. Hiyo ndiyo sababu walikuwa kumi na wawili. Hatukupiga hesabu nyingine ya kitakwimu.

Kichupa kikaingia kwenye chombo cha mvuke wa naitrojeni, kikapanda ndege Songwe, kikapitia Dar es Salaam. Nilikifuata wiki chache baadaye kwa mafunzo.

Chembe B ndizo hutangulia. Kufikia wiki ya nane hivi tulikuwa tunaziona, ukichukua tone la damu na kulipitisha kwenye mashine ya leza inayosoma alama moja moja. Chembe T huchelewa kwa sababu lazima zipite thaimasi, tezi ya kifuani, ziende shule. Wiki ya kumi na mbili ndiyo mtihani: kati ya chembe nyeupe zote za panya, ni asilimia ngapi zina CD45, alama ya chembe nyeupe, ya binadamu? Wengi katika fani wanataka angalau 25. Wetu kumi walivuka, wawili hawakuvuka. Siku ile niliona chembe za mtoto wa Mbeya zikitokea kama wingu kwenye kioo cha kompyuta, upande wa kulia, mbali kabisa na wingu la panya, nikashindwa kuzungumza kwa muda. Nilitamani yule mama azione.

Tukawachanja nusu ya wote kumi na wawili protini ya VVU iliyokuwa inafanyiwa uchunguzi, nusu tukawapa maji ya chumvi. Tukachanja tena. Kisha tukapima kingamwili.

Tulichokiona, na tulichodhani tumekiona

Waliochanjwa walitoa IgM, kingamwili inayotangulia. Wengi wao, kwa kiwango kinachoonekana. IgG, ile kingamwili iliyokomaa ambayo chanjo nzuri inaitafuta, ilikuwa kidogo na kwa panya wachache.

Upungufu wa IgG ulitarajiwa, na sababu yake inafaa kueleweka kwa sababu inaonyesha mpaka wa mnyama huyu. Thaimasi ambamo chembe T za binadamu zilisomea ni ya panya. Imezifundisha kutambua vitu vinapoonyeshwa kwenye molekuli za panya. Zikitoka shuleni zinakutana na chembe B za binadamu zinazoonyesha vitu kwenye HLA, molekuli za binadamu. Ni kama msichana aliyelelewa Unyakyusa tangu utotoni akaambiwa aende kuamua kesi ya ardhi kwa lugha ya Kihehe: ana akili, ana nia, lakini haelewani na wenye kesi. Chembe B zisipopata msaada wa chembe T hazibadilishi IgM kuwa IgG. Juu ya hayo, tezi za limfu za NSG ni hafifu, kwa sababu kuzijenga kunahitaji ujumbe wa intalukini 7, na njia ya ujumbe huo tumeikata wenyewe tulipofuta IL2rg. Kila ulichokivunja ili mgeni akaribishwe ndicho mgeni atakachokihitaji baadaye.

Kuna majaribio ya kuziba mapengo hayo. Kuna NSG waliopewa jeni ya HLA-A2. Kuna MISTRG wa 2014, waliobadilishwa jeni ili watoe vichocheo vya ukuaji vya binadamu, na ambao chembe zao za mayeloidi, zikiwamo makrofaji, ni nzuri ajabu, ila makrofaji hizo hula chembe nyekundu za panya mpaka anapungukiwa damu. Kuna pia waliopandikizwa thaimasi na ini la kijusi cha binadamu. Hao, kwa maoni yangu, hatuna haja ya kuwafikiria Mbeya, na sitalieleza zaidi.

Basi IgM ile. Nilichora grafu mimi mwenyewe. Nukta upande wa chanjo zilikuwa juu, nukta upande wa maji ya chumvi zilikuwa chini, na chini ya mchoro nikaandika kwamba idadi ya sampuli ni kumi na mbili. Kwenye rasimu ya maelezo nikaandika kwamba mfumo wa kinga "wa wakazi wa Mbeya" unaitikia protini hiyo. Nilisoma sentensi hiyo kwa sauti kikaoni. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Usiku nikaota ndizi. Sisemi kwa mapambo. Niliota kile kikapu, na asubuhi nilipoamka sauti ya bibi ilikuwa kichwani: lakini damu ni ya mjukuu wangu mmoja.

Nukta zote zile zilikuwa mtu mmoja. Panya sita waliochanjwa si watu sita walioitikia. Ni mtoto mmoja aliyeulizwa swali lilelile mara sita. Kukubaliana kwao kulinionyesha kwamba vipimo vyetu vilikuwa thabiti na kwamba mkono wangu haukutetemeka. Hakukuniambia lolote kuhusu mtoto wa kitanda cha pili, wala wa Makete, wala wa Mufindi. Ningeweza kutengeneza panya mia mbili kutoka mfuko ule na bado ningekuwa na idadi ya sampuli moja.

Na kwa VVU hili si suala la ukali wa takwimu tu. HLA hutofautiana mtu na mtu kuliko karibu jeni nyingine zote, na hapahapa Mbeya tuna ushahidi kwamba tofauti hiyo ina uzito. Mwaka 2010 watafiti walichapisha kazi iliyofanywa kwa watu wa Mbeya ikionyesha kwamba wenye aina iitwayo A*74:01 walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuambukizwa VVU, na walioambukizwa ugonjwa uliwaendea polepole. Aina hiyo hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Panya wa dukani aliyepewa HLA-A2 hataionyesha. Mtoto wetu mmoja anaweza kuwa nayo au asiwe nayo, na sisi hatukuwa hata tumempima. Tulikuwa tumevuka bahari na seli za Mbeya tukijivunia kwamba ni za Mbeya, bila kujua ni za nani.

Nilirudi kikaoni nikaomba niondoe sentensi yangu. Haikuwa rahisi. Kiongozi mmoja aliniambia kwamba makala nyingi zilizochapishwa zimehesabu hivyohivyo, na ni kweli zipo. Mwingine, Mjerumani mzee asiyependa maneno mengi, alichukua kalamu akafuta kumi na mbili ubaoni akaandika moja. Hakuongeza neno.

Tulivyobadilisha

Tulirudi kliniki, safari hii kwa akina mama wengi zaidi na panya wachache kwa kila mmoja. Panya wa kila mtoto tuliwagawa: baadhi chanjo, baadhi maji ya chumvi, ili kila mtoto awe mlinganisho wake mwenyewe. Hesabu tukazifanya kwa mtoto, si kwa mkia. Kwa kuwa panya wanaohitajika kwa kila mtoto ni wachache, nusu mfuko ikatosha, na yule mkunga hakuhitaji kushindana na mtu. Tukaanza kupima HLA kabla ya seli kusafiri.

Picha iliharibika mara moja, na nashukuru iliharibika. Mtoto mmoja seli zake hazikushika kwa panya hata mmoja. Wawili hawakuonyesha tofauti yoyote kati ya chanjo na maji ya chumvi. Mmoja alitoa IgM kama yule wa kwanza. Kwa idadi hiyo hakuna la kudai, na hatukudai. Kilichobaki ni maelezo ya njia: namna ya kukusanya, kuchuja, kugandisha na kugawa. Kwa wafadhili si habari ya kusisimua. Kwa maabara ya kwetu inayotaka kuanza, nadhani ndiyo inayohitajika.

Fomu nayo iliandikwa upya. "Ingetupwa" imeondoka. Panya wametajwa kwenye aya ya kwanza, na kuna sentensi niliyopigania isomwe kwa sauti: seli za mtoto wako zitawekwa kwa panya kadhaa, na panya wote hao tutawahesabu kama mtu mmoja, yaani mtoto wako.

Mama nilimfuata kliniki ya watoto, siku ya mizani. Mtoto alikuwa ameanza kusimama kwa kushika benchi. Nikamweleza yote, pamoja na kosa, na pamoja na maneno ya mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wale panya?"

"Wameisha, dada. Ilibidi, ili tuangalie bandama na uboho wao."

"Na damu imekwisha?"

Haikuwa imekwisha. Tulipochuja seli shina, chembe nyingine zilibaki, na kichupa kimoja bado kipo Mbeya kwenye mvuke wa naitrojeni. Fomu ya zamani ilituruhusu kukitumia kwa "tafiti za baadaye". Sikumficha. Nikamwambia tunaweza kukiharibu leo akitaka.

Akamtazama mtoto, aliyekuwa ameachia benchi na kukaa chini. "Kaeni nacho," akasema. "Ila msikifungue bila kuniambia. Na bibi yake naye mwambieni."

Nilirudi maabara jioni ileile, nikakitoa kichupa kwa koleo, nikakibandika karatasi nyekundu yenye namba ya simu ya mama, nikakirudisha kwenye mvuke.